Mgonjwa, bangi na askari mlangoni: Sharia inasemaje?

 

Ndugu msomaji, darasa letu la leo limetokana na swali niliyoulizwa Kabungu, si mbali na mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alinishika mkono akanivuta nyuma ya msikiti, mbali na masikio ya watu. Akaniambia: "Ustadh, mimi sijavuta bangi tangu nizaliwe, wala watoto wangu. Lakini nina jambo linaninyima usingizi."

Mkewe ana saratani ya shingo ya kizazi. Ilipogundulika ilikuwa imekwishasambaa. Hospitalini alipewa vidonge vya kawaida vya maumivu, akarudi nyumbani. Usiku kucha analia. Jirani mmoja akaleta kichupa cha maji ya majani yaliyochemshwa, mgonjwa akanywa vijiko viwili, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akalala hadi alfajiri. Siku ya tatu ndipo mzee alipoambiwa kuwa yale majani ni bangi.

Maswali yake yalikuwa matatu. Je, nimemlisha mke wangu haramu? Je, nikiendelea kumpa nitakuwa mwenye dhambi? Na akija askari, nimwambie nini?

Maswali haya hayamhusu mzee wa Kabungu peke yake. Yamo majumbani mwetu Kariakoo, Tanga, Mwanza na Unguja, ila watu wanaona haya kuyauliza. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Msingi ni upi?

Tuanze na lile ambalo halina mjadala. Ulevi ni haramu. Allah (s.w) katika Suratul Maaidah, aya ya 90 na 91, ameuweka ulevi pamoja na kamari na ibada ya masanamu, akaeleza kuwa shetani hutumia mambo hayo kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na swala. Mtume (s.a.w), katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar na kuinukuu Imam Muslim, amefundisha kuwa kila kinacholevya kina hukumu ya pombe. Hakusema kinacholevya cha zabibu au cha tende peke yake. Amefundisha pia kuwa kile ambacho kingi chake kinalevya, hata kidogo chake ni haramu.

Kwa hiyo wale wanaosema kuwa Qur'an haikuitaja bangi kwa jina, basi ni halali, wanajidanganya. Bangi ilipoenea katika miji ya Waislamu, takriban karne ya sita na ya saba Hijria, wanazuoni hawakukaa kimya. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), aliipiga vita vikali na kuona kuwa mlaji wake anastahiki adhabu ya mlevi. Imam Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki 794 Hijria (1392), aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake, Zahr al-Arish.

Sababu iko wazi. Miongoni mwa mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi ni akili. Mwenye kuiharibu akili yake kwa makusudi ameharibu chombo anachoamrishwa nacho na kukatazwa nacho.

Lakini uhai nao umo katika matano hayo. Hapo ndipo swali la mzee wetu linapoanza.

Dharura na mipaka yake

Qur'an imetaja vilivyoharamishwa, kisha ikamtoa aliyelazimika. Tazama Suratul Baqarah aya ya 173, Suratul Maaidah aya ya 3 na Suratul An'aam aya ya 119. Kutokana na aya hizi wanazuoni wakatoa kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba dharura hufungua kilichofungwa. Ya pili ni kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, haivuki hapo. Watu wengi huishika ya kwanza na kuisahau ya pili.

Sunna inatupa mifano. Hariri ni haramu kwa wanaume, lakini Mtume (s.a.w) aliwaruhusu Zubayr bin Awwam na Abdur-Rahman bin Awf kuivaa kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Dhahabu nayo ni haramu kwa wanaume, lakini Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, aliruhusiwa kuweka pua ya dhahabu. Zingatia hapa: Arfaja alianza na pua ya fedha. Ilipooza na kutoa harufu ndipo akaelekezwa kwenye dhahabu. Halali ilijaribiwa kwanza.

Atasema mtu: Mbona Mtume (s.a.w) alimkataza Tariq bin Suwayd kutengeneza pombe kwa ajili ya dawa, akamweleza kuwa hiyo ni ugonjwa wala si dawa? Ni kweli, na hadithi ni sahihi. Kwa hadithi hii wanazuoni wa Kishafi wamekataza kunywa pombe tupu kwa kisingizio cha tiba. Lakini wao hao wameitofautisha pombe ya majimaji na mimea inayopumbaza. Imam Nawawi, aliyefariki 676 Hijria (1277), amelijadili suala la mtu mwenye mkono uliooza ambao lazima ukatwe. Je, anaweza kupewa kitu cha kumwondolea fahamu ili asisikie uchungu wa kisu? Nawawi akaona kauli yenye nguvu ni kuwa inafaa. Huyu ni Imam ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu za pwani na bara mpaka leo.

Kwa muhtasari, masharti waliyoyaweka wanazuoni ni manne. Maradhi yawe ya kweli, si ya kusingizia. Mtaalamu mwaminifu athibitishe kuwa kitu hicho kinafaa. Isipatikane dawa ya halali yenye kufanya kazi hiyo. Na kitumike kiasi kile tu kinachohitajika. Likikosekana sharti moja, mlango unafungwa.

Kisa kimoja cha kuzingatia

Mwandishi mmoja wa karne ya tisa Hijria, al-Badri, amesimulia kisa cha mtoto wa ofisa mkubwa katika baraza la Khalifa. Kijana huyo alikuwa na kifafa. Akapewa bangi kama dawa, kifafa kikamwacha. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kukaa bila bangi hata kidogo.

Kisa hiki kifupi kina pande zote mbili za mjadala wa leo. Anayesema bangi haina manufaa yoyote ya tiba, kisa kinampinga. Na anayesema bangi ni jani tu lisilo na madhara, kisa kinampinga vilevile. Waislamu waliliona jambo hili kwa macho mawili karne nyingi kabla ya wabunge wa Ulaya na Marekani kuanza kubishana.

Wataalamu wa leo wanasemaje?

Hapa inabidi kusema ukweli bila kupunguza wala kuongeza. Bangi haijathibitika kuponya saratani. Anayemuuzia mgonjwa mafuta ya bangi akimwahidi kuwa uvimbe utayeyuka ni tapeli, na fedha anayokula ni ya batili.

Lakini yapo mambo yaliyothibitika. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha dronabinol, kidonge chenye kemikali iliyomo ndani ya bangi, kwa wagonjwa wa saratani wanaosumbuliwa na kichefuchefu cha dawa za kemikali. Mwaka 2010 Uingereza iliidhinisha Sativex kwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu wanaokakamaa misuli. Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, iliyotengenezwa kwa kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali kisichosikia dawa za kawaida. Kuhusu maumivu ya muda mrefu, ushahidi upo lakini ni mchanganyiko.

Tofauti ya dawa hizi na msokoto wa kijiweni ni kipimo. Chupa ya hospitali inajulikana ina nini na kiasi gani. Kichupa cha jirani hakijulikani. Leo kitamlaza mgonjwa, kesho kitamtia wazimu wa saa sita, na hakuna ajuaye kwa nini. Moshi nao unaharibu mapafu, na vijana wanaoanza kuvuta mapema wako katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya akili.

Desemba 2, 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura kuhusu bangi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza bangi iondolewe katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961, jedwali la vitu hatari kabisa visivyo na faida ya maana ya tiba. Kura 27 zilikubali, 25 zilikataa, moja haikuwa upande wowote. Bangi ilibaki katika Jedwali la Kwanza, yaani chini ya udhibiti mkali, pamoja na afyuni na mofini. Maana yake dunia haikusema bangi ni ruhusa. Ilisema tu kwamba inaweza kuwa na kazi hospitalini.

Mofini: mfano ulio karibu yetu

Hapo nyuma nimeitaja mofini, na hii ndiyo nukta ambayo wengi hawaijui. Mofini inatokana na afyuni, na heroini inayoteketeza vijana wetu hutengenezwa kutokana na mofini. Lakini katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wanapewa mofini ya maji wakanywa, maumivu yakapungua, wakaweza kuswali na kuzungumza na watoto wao. Sijasikia sheikh hata mmoja akisema kuwa wanakunywa haramu. Ni kwa nini? Kwa sababu masharti manne yametimia.

Mfano mwingine ni methadoni. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inawapa methadoni walioathirika na heroini, kila siku, mbele ya muuguzi. Methadoni nayo ni katika jamii ya afyuni. Serikali yenyewe inatoa kitu ambacho mtu akikiuza mtaani atafungwa.

Kumbe basi Serikali imekwishaikubali kanuni hii. Kitu kinachodhibitiwa kinaweza kuwa dawa kwa mgonjwa na kosa kwa mfanyabiashara. Hata lugha yetu imelihifadhi hilo, tunasema dawa za kulevya, na neno la kwanza ni dawa. Linalobaki ni kujua nani anapimiwa, na nani, na kwa kiasi gani.

Majirani zetu Waganda walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na kuanzia 2004 sheria ya huko ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa sababu madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Mgonjwa hakulazimika kusafiri kwenda Kampala ili alie kidogo.

Sasa mlinganishe na bibi yetu wa Kabungu. Kutoka Mpanda hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa treni ya Mpanda, Kaliua na Tabora ni safari ya siku na usiku na siku tena, na yeye hawezi hata kukaa. Mofini haijafika kila hospitali. Bangi ndiyo iliyofika. Hilo ndilo lililomkuta mzee yule, wala si mapenzi ya ulevi.

Sheria ya nchi inasemaje?

Tanzania ilikuwa na Sheria Na. 9 ya 1995. Ikaja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Na. 5 ya 2015, iliyounda Mamlaka ya kusimamia kazi hiyo. Marekebisho ya 2017 yakaongeza makali: kifungo cha miaka 30 kwa anayetiwa hatiani kwa usafirishaji wa bangi isiyozidi kilo 50, na kifungo cha maisha kwa iliyozidi hapo.

Hakuna Muislamu mwenye akili atakayewatetea wafanyabiashara wanaojaza magunia na kuwauzia watoto wetu. Kazi ya kufyeka mashamba ya bangi Tarime na Arumeru ina msingi katika Sharia, nayo ni kuondoa madhara.

Tatizo liko katika neno usafirishaji. Katika sheria maana yake ni pana: kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kupeleka. Kwa maana hiyo, kijana anayembebea mama yake kichupa kutoka nyumba ya jirani anaweza kuingia katika neno lile lile linalomkamata mwenye lori. Na hapa Tanzania hakuna daktari anayeweza kumwandikia mgonjwa bangi. Bungeni Dodoma hoja ya kuruhusu kilimo chake kwa ajili ya dawa imewahi kusikika, mwaka 2019, lakini haikuzaa sheria.

Uhuru wa mtu na sitara ya nyumba

Wenzetu wa Magharibi wakilijadili suala hili husema: mwili ni wangu, nifanye nitakavyo. Sisi hatusemi hivyo. Mwili ni amana ya Allah (s.w). Huna ruhusa ya kuuangamiza, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa inatukataza kujiua.

Lakini kama mwili si mali yangu, si mali ya Serikali pia. Mwenye amana ataulizwa na Mwenye mali, na askari si yeye. Ndiyo maana Uislamu umeweka uzio kuzunguka nyumba ya mtu. Suratun Nuur aya ya 27 inakataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa na kutoa salamu. Suratul Hujuraat aya ya 12 inakataza dhana mbaya na kupelelezana.

Imam Ghazali katika Ihyaa amenukuu kisa mashuhuri cha Umar bin Khattab (r.a). Usiku alisikia sauti, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akajibu kuwa yeye ameasi mara moja, lakini Amirul Muuminin ameasi mara tatu: amepeleleza, ameingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na hakutoa salamu. Umar hakumpiga wala hakumfunga. Alimwacha, baada ya kupata ahadi ya toba. Huyu ni Umar ambaye shetani akimuona anabadili njia.

Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameeleza kuwa hata muhtasibu, aliyepewa kazi rasmi ya kukataza maovu, hana haki ya kuchungulia yaliyofichika. Kazi yake ni maovu ya dhahiri, au pale penye dalili ya nguvu kuwa mtu anadhurika. Muuza bangi kwenye geti la shule ni ovu la dhahiri. Bibi anayelia kitandani nyuma ya mlango uliofungwa hayuko katika fungu hilo.

Katiba ya nchi yetu nayo, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na nyumba yake, na ibara ya 13 inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka upekuzi ufuate utaratibu: hati, mashahidi, na stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kuwa lazima ijulikane kielelezo kilipita mikononi mwa nani tangu kilipokamatwa. Haya si mapambo. Kibonge kidogo cha majani huingia mfukoni mwa mtu kirahisi, na hutoka mfukoni mwa mwingine kirahisi vilevile.

Na kutajwa si kuthibitishwa. Februari 2017, Dar es Salaam, majina ya watu yalisomwa hadharani mbele ya vyombo vya habari kwa tuhuma za dawa za kulevya, kabla ya mahakama kusema neno. Sisi Waislamu, tunaojua uchungu wa kutuhumiwa kwa wingi tangu sheria ya ugaidi ya 2002, tusishangilie utaratibu huo kwa sababu tu safari hii waliotajwa si sisi. Katika dini yetu anayedai ndiye anayeleta ushahidi.

Yaliyowakuta wenzetu

Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi zote duniani, na sheria yake ya dawa za kulevya ni kali kuliko yetu. Mwaka 2017, katika wilaya ya Sanggau, Kalimantan Magharibi, mtumishi mmoja wa umma alikamatwa kwa kupanda bangi. Alikuwa akimtengenezea dawa mkewe mwenye maradhi ya uti wa mgongo. Mume akatiwa ndani, dawa ikakatika, na mke akafariki siku 32 baada ya mumewe kukamatwa. Mahakama ikamfunga miezi minane.

Soma tena habari hiyo, kisha jiulize: ni madhara gani yaliyoondolewa hapo?

Juni 2022 mama mwingine alisimama katika barabara za Jakarta na bango mkononi akimwombea dawa mtoto wake. Makamu wa Rais wa wakati huo, Ma'ruf Amin, ambaye ni mwanachuoni na aliwahi kuongoza Baraza la Maulamaa, hakumcheka wala hakumkemea. Aliliomba Baraza litoe fatwa juu ya matumizi ya bangi kwa tiba. Mwezi uliofuata Mahakama ya Katiba ilikataa kubadili sheria, lakini angalau wanazuoni waliitwa mezani.

Morocco mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kuruhusu bangi kwa tiba na viwanda tu, ikaweka chombo cha kuisimamia, na Agosti 2024 Mfalme akawasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliokuwa wametiwa hatiani au wakitafutwa. Uvutaji wa starehe ulibaki kosa. Lebanon ilipitisha sheria ya kilimo cha tiba Aprili 2020.

Uingereza ilijifunza kwa aibu. Juni 2018 mtoto wa miaka 12 mwenye kifafa alinyang'anywa mafuta yake ya bangi uwanja wa ndege wa Heathrow, hali yake ikawa mbaya akalazwa. Waziri wa Mambo ya Ndani akalazimika kuyaruhusu kwa dharura, na Novemba 1 mwaka huo sheria ikabadilishwa ili madaktari bingwa waweze kuandika dawa hizo.

Afrika nako lipo jambo la kushangaza. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, na Rwanda ikaidhinisha kilimo hicho Oktoba 2020. Lakini mazao ya Rwanda yalikusudiwa kuuzwa nje. Ardhi ya Mwafrika imlimie dawa mgonjwa wa Ulaya, na mgonjwa wa Kiafrika abaki na Panadol?

Tusigeuzwe ngao

Hata hivyo tuwe macho. Wapo wanaolitaja jina la mgonjwa huku macho yao yako kwenye biashara. Wakishapata ruhusa ya dawa, wanataka ruhusa ya starehe, kisha duka kila kona. Hatua kwa hatua ndivyo ilivyokwenda katika majimbo mengi ya Marekani tangu California ilipoanza na ruhusa ya wagonjwa mwaka 1996. Muislamu amtetee mgonjwa, asikubali mvutaji ajifiche nyuma ya kitanda chake.

Njia ya sawa ni utafiti. Hapo jirani na Katavi, katika milima ya Mahale, mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, alifanya kazi na watafiti wa sokwe. Mwaka 1987 yeye na Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akifyonza maji machungu ya mjonso, mti ambao Watongwe wanautumia kwa maradhi ya tumbo. Mti ule ukapelekwa maabara, kemikali zake zikachunguzwa, na dunia ikauheshimu ujuzi wa mzee yule. Tunayo Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili, na tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Kama mjonso ulistahili kuchunguzwa, majani ambayo watu wanachemshiana gizani yanastahili zaidi. Bila hivyo tunawaachia wagonjwa wetu wabahatishe.

Jibu kwa mzee wa Kabungu

Mzee wangu, nakujibu sasa kwa maandishi, maana siku ile sikuwa na jibu kamili.

Kwanza, uliyompa mkeo bila kujua hayana dhambi juu yako, inshaallah, wala juu yake.

Pili, usiendelee kuchemsha kwa siri. Kipimo hukijui, na sharti la kutafuta halali kwanza hujalitimiza. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kwa jina: mofini ya maji, na huduma ya tiba shufaa. Watu wengi hawapewi kwa sababu hawajui kuuliza. Usikubali kuambiwa kuwa maumivu ya saratani ni ya kuvumilia tu. Subira ni ibada, lakini kumnyima mgonjwa dawa iliyopo si katika subira.

Tatu, askari akija, usikimbie wala usiseme uongo. Mwombe hati ya upekuzi, waite mashahidi, dai stakabadhi, na utafute wakili kabla ya kusaini chochote. Hiyo ni haki yako, na si ukaidi.

Najua utaniuliza: "Na nikienda hiyo mofini isiwepo?" Hapo, mzee wangu, mbele ya Allah (s.w) mlango wa dharura uko wazi kwa aliyekwama kweli, akathibitishiwa na mjuzi, akachukua kiasi kile tu. Lakini mbele ya sheria ya nchi mlango huo haupo, na mimi siwezi kukuambia kuwa hutashikwa. Kati ya milango hii miwili ndipo uliposimama na mkeo. Si wewe uliyejiweka hapo.

Basi lawama inarudi kwetu. Wizara ya Afya ifikishe mofini mikoani na iwafundishe maofisa tabibu kuitoa, kama Uganda. Wabunge wetu waitenganishe katika sheria nia ya kutibu na nia ya kuuza. Maulamaa, BAKWATA na taasisi nyingine, wakae na madaktari Waislamu, watoe kauli iliyo wazi badala ya kumwachia kila mgonjwa fatwa ya jirani. Na sisi wa mijini, kila msikiti wenye mfuko wa sadaka uweke fungu la nauli ya wagonjwa wa saratani. Tunachangia kwa wingi maiti ikishalala. Tuchangie mtu angali anasikia maumivu.

Allah (s.w) awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi vijana wetu na ulevi, na atupe watawala wenye huruma na uadilifu.

Wabillahi tawfiq.